Mkono Uliogonga

Mkono ulioinuliwa juu haukuwa wa Kimeli. Ulikuwa wa Vinny, na Vinny mwenyewe alikuwa bado anakohoa, macho mekundu, mate yakimtoka, magoti yakimcheza hivi kwamba refa ndiye aliyemshikilia asianguke. Mshindi gani huyo wa kushikiliwa? Kimeli alisimama upande wa pili wa refa, pumzi zake zimetulia, akihisi hasira inampanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio.

"Refa, nani amegonga?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, bwana. Nimekuona kwa macho yangu. Umemgonga mbavuni. Kugonga ni kugonga."

Refa huyo aliitwa Johana, mwalimu wa taekwondo aliyeletwa kutoka Nakuru, mtu wa mashati meupe yaliyopigwa pasi. Alikuwa amewasomea sheria kabla ya pambano: hakuna kuuma, hakuna kudunga macho, na anayeona ameshindwa agonge mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja, pambano litasimamishwa papo hapo. Sheria rahisi. Hata akina mama waliokuwa wamejaa kwenye ukumbi wa shamba la chai, na gumboots zao na aproni za plastiki, waliielewa.

"Mimi ndiye nilikuwa nimemkaba!" Kimeli alisema. "Muulize! Vinny, sema!"

Vinny alikohoa tu, akatazama vidole vya miguu yake.

Huko nyuma watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. "Wizi! Wizi!" Kisha sauti moja nzito ikatoka karibu na mlango, ikakata zote: "Si wizi! Ameuza! Kimeli ameuza pambano!" Na hapo, kama moto unaporukia nyasi kavu, neno likabadilika mdomo kwa mdomo. Ameuza. Ameuza. Kimeli aliruka kamba ili amtafute mwenye sauti ile, na kama mkono wa Makori haungemdaka kiunoni, pambano la pili lingeanza palepale.

"Twende," Makori alisema sikioni mwake. "Kijana wangu, twende. Hapa hakuna masikio."

Makori ndiye aliyemfundisha. Alikuwa Mkisii wa upande wa Keroka, mtu mfupi mwenye shingo kama gogo, aliyepigana mieleka enzi za ujana wake kwenye timu ya magereza kabla ya kuja kuchochea kuni kwenye boila la kiwanda cha chai. Kimeli alimjia akiwa bondia wa mashindano ya mashamba, anajua ngumi tu. Makori alimlaza chini siku ya kwanza, akamkalia kifuani, akamuuliza, "Sasa hizo ngumi zako ziko wapi, bondia?" Tangu siku hiyo walifanya mazoezi kwenye banda la kuni. Mateke Kimeli alijifunza Eldoret, ngumi alikuwa nazo, na mieleka akapewa na Makori. Alipokwenda kumposa Chemutai, wazee walimuuliza anafanya kazi gani. "Ninapigana," alijibu. Mzee mmoja akauliza, "Na nani?" Nyumba nzima ikacheka, lakini ilikuwa kazi kweli. Alipigana Nakuru, akapigana Kisumu, akapigana na wacheza ngumi na wacheza karate na jamaa mmoja wa Webuye aliyekuwa akivuta lori kwa meno. Hakuna aliyemfanya agonge. Ndiyo maana mabango yalimwandika Kimeli Asiyegonga, na jina hilo alilipenda kuliko alilobatizwa kanisani.

Pambano hili lilikuwa la kufa na kupona. Benard, mwenye ukumbi wa video mjini Kericho, alikuwa amepata kanda za Amerika ambamo bondia anafungiwa na mwanamieleka na kila mtindo unaruhusiwa. Akaanzisha yake, akaiita Mapigano ya Mchanganyiko. Kulikuwa na watu Johannesburg waliotaka mpiganaji mmoja kutoka upande huu. Mmoja tu. Atakayeshinda kati ya Kimeli na Vinny, Mkisii kama Makori, ndiye angekwenda.

Na sasa Vinny ndiye angekwenda.

*

"Nieleze polepole," Chemutai alimwambia jioni, akiwa ameketi mbele ya jiko. "Refa aliona nini?"

Kimeli hakutaka kueleza. Lakini ilibidi, maana hata yeye alikuwa akirudia ile picha kichwani tangu atoke ukumbini.

Alikuwa chini, mgongo wake kwenye turubai, na Vinny yuko juu yake, kifudifudi? Hapana, chali, mgongo wa Vinny kwenye kifua chake. Mkono wa kulia wa Kimeli ulikuwa umezunguka shingo ya Vinny chini ya kidevu, na miguu yake imemfunga kiunoni. Kwa mtu asiyejua, aliyeko juu ndiye anayeshinda. Kwa anayejua, Vinny alikuwa amekwisha. Alianza kurusha miguu. Mwili wake wote ulitetemeka kwa woga, ule woga wa kiumbe asiyejua anafanyiwa nini. Na mkono wa kushoto wa Kimeli, ambao haukuwa na kazi wakati huo, ukashuka wenyewe ukampigapiga Vinny ubavuni. Taratibu. Na mdomo wake ukasema, "Mutyo, mutyo," polepole, polepole.

Chemutai alimtazama. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Mutyo," alisema. "Ulimwambia mutyo."

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka, Chemutai!"

"Kimeli, hivyo ndivyo unavyomfanyia yule ng'ombe wetu anayepiga mateke! Kila asubuhi! Mutyo, mutyo, huku unampigapiga ubavu ili atulie umkamue." Alifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. "Ulitaka kumkamua Mkisii wa watu?"

Kimeli alisimama, akapiga mlango teke, akatoka nje. Mvua ilikuwa imekatika na chai ilikuwa imelala kijani mlimani kote, kimya, kana kwamba hakuna kitu kilichotokea duniani. Aliitazama kwa hasira. Alikasirikia refa na mashati yake. Alikasirikia Vinny, aliyejua ukweli na kuutazama sakafuni. Alimkasirikia hata yule ng'ombe. Lakini zaidi ya wote aliukasirikia mkono wake wa kushoto, mkono ambao uliona huruma bila kumwomba ruhusa.

Chemutai alimfuata baadaye, hacheki tena. Alisimama kando yake bila kumgusa.

"Watu dukani wanasema nini?" aliuliza Kimeli.

"Wanasema mengi."

"Wanasema nimeuza."

Chemutai alimvuta mkono, ule wa kushoto, wakarudi ndani.

*

Benard alikuja na pikapu yake kabla hata Kimeli hajamaliza kupeleka maziwa. Alivaa koti la ngozi na miwani ya jua ingawa jua halikuwapo. Alimkumbatia Kimeli kama ndugu aliyefiwa.

"Bakule, rika langu, nimelia," alisema. "Nimelia kweli. Lakini machozi si kitu. Tutarudia."

"Refa amekataa kubadilisha. Nimemwendea, amenifungia mlango."

"Achana na Johana! Mimi ndiye mwenye pambano. Nikisema linarudiwa, linarudiwa. Na Johannesburg watangoja." Alitoa karatasi kubwa kutoka kwenye gari, akaikunjua juu ya boneti. Bango lilikuwa bado linanuka wino. Lilikuwa na picha ya Kimeli upande mmoja na ya Vinny upande mwingine, na katikati, kwa herufi nyekundu: KISASI! MKIPSIGIS NA MKISII. SOTIK.

Kimeli aliweka kidole kwenye neno la mwisho.

"Mbona Sotik?"

"Uwanja mkubwa."

"Na hii... Mkipsigis na Mkisii?"

"Si ndivyo mlivyo?" Benard alicheka. "Ama wewe ni Mzulu? Bwana, watu wanataka kujua wanamshangilia nani. Hawajali teke sijui mkabo. Wanajali ni nani wetu. Wewe unataka jina lako au hutaki?"

Kimeli alilitaka. Alilitaka hadi meno yakamuuma. Alimwona Vinny tena, mkono juu, mate kidevuni. Akasema ndiyo.

Aliyekataa ni Makori. Kimeli alimkuta kwenye banda la kuni akipanga magogo ya mkaratusi, na alipomwambia, mzee huyo hakugeuka.

"Sotik," Makori alisema. "Mpakani kati ya kwenu na kwetu. Mwaka wa kupiga kura."

"Ni pambano tu, kocha."

"Nyumba yangu ilikuwa huko mpakani. Unajua hilo?"

"Najua."

"Hujui. Umesikia. Walipoichoma, na wao walianza na kitu kidogo tu. Ng'ombe mmoja amepotea. Ng'ombe mmoja! Jioni hiyo nilimbeba mama yangu mgongoni." Aliweka gogo chini. "Mtu akishinda pale, wa upande ule mwingine hawatasema Vinny ameshindwa. Watasema sisi tumeshindwa. Halafu?"

"Kwa hiyo nikae nyumbani niitwe muuza pambano?"

"Nilimwendea Vinny," Makori alisema. "Nilimuuliza uso kwa uso. Nikamwambia, kijana, nani alikuwa anakufa pale, wewe au Kimeli?"

"Akasemaje?"

"Akauliza kama nataka chai."

Kimeli alicheka, kicheko kibaya. Kisha maneno yakamtoka, na alipoyasikia yakitoka alijua hayarudi. "Lakini wewe umefurahi. Si ni wenu? Atakwenda Johannesburg Mkisii mwenzako. Ndiyo sababu hutaki nirudie."

Makori alimgeukia polepole. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimuumiza Kimeli zaidi ya ngumi yoyote.

"Nenda," Makori alisema. "Nenda, mtoto wa watu. Usije hapa nikakuona, nikasahau kwamba nakupenda."

Kimeli alikwenda. Njia nzima alikuwa akipiga ngumi majani ya chai kando ya barabara.

*

Siku ya soko Chebunyo, Benard alimpakia kwenye pikapu. Alitaka watu wamwone. Nyuma walifunga spika mbili, na kijana wa Benard wa kutangaza, mwenye sauti ya mhubiri, akashika maikrofoni tangu walipokaribia mnada wa ng'ombe.

"Jumamosi! Jumamosi Sotik! Je, tutakubali? Mtoto wetu aibiwe mchana, na Mkisii, halafu tukae kama kondoo? Nauliza, tutakubali?"

"Achicha!" watu walijibu kutoka kwenye zizi, fimbo juu. Hapana.

Mwanzoni Kimeli alihisi kitu kitamu. Haya ndiyo masikio aliyoyakosa ukumbini. Walewale waliosema ameuza sasa walimpa mikono dirishani, wakampiga mabega. Bibi mmoja alimtemea mate kidogo kifuani kwa baraka. Jamaa mwenye kofia ya manyoya, mchuuzi wa ng'ombe, aliingiza kichwa ndani ya gari akamsalimu.

"Chamgei, Asiyegonga!"

"Chamgei."

"Sikia, bakule. Huyo mtu usimwache agonge. Akigonga, jifanye huoni. Vunja shingo."

"Ni mchezo, mzee."

"Mchezo?" Mtu yule alicheka, akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Sisi tutakuwa hapo nje. Vijana wako tayari. Ukishinda, tunawasindikiza hao mpaka kwao. Ukishindwa, pia tunawasindikiza. Wewe anzisha tu." Akampigia jicho, akaenda zake.

Kimeli alitoka ndani ya gari. Alihitaji hewa. Alijikuta upande wa mboga, mbele ya mama aliyemfahamu, Lenah, ambaye kila siku ya soko alileta ndizi kutoka Nyamira na ambaye daima alimwongezea moja juu ya alizonunua, akisema mpiganaji ni tumbo kwanza. Mikungu yake ilikuwa karibu yote haijauzwa. Lakini Lenah alikuwa amepiga magoti akiikunja turubai, mikono yake ikienda haraka sana, fundo linamkatalia, analifungua, analifunga tena.

"Mama, mbona unafunga mapema?"

Lenah hakuinua uso. "Mvua, baba. Naona itanyesha."

Kimeli aliangalia juu. Mbingu ilikuwa safi kutoka Chepalungu hadi macho yalikokomea. Spika zikanguruma nyuma yake: "Tutakubali? Nasema, tutakubali?" na mikono ya Lenah ikaruka kwenye fundo kama mtu aliyechomwa. Alikuwa amemwita baba, kama siku zote. Na alikuwa akimwogopa. Yeye. Mwili wote wa Lenah ulikuwa ukitetemeka, na safari hii mtetemeko haukuwa wa mtu aliyekabwa shingo ndani ya kamba akijua akigonga ataachiliwa.

Hasira aliyokuwa amebeba wiki nzima ilisimama, ikageuka, ikatafuta njia mpya. Hakutembea kurudi kwenye pikapu. Alikimbia. Akaruka nyuma ya gari na kumnyang'anya yule mtangazaji maikrofoni.

"Mnanijua?" alisema. Sauti yake ikapiga ukuta wa maduka ikamrudia.

"Asiyegonga!" walipaza. "Asiyegonga!"

Benard aliinua kidole gumba kutoka kwenye usukani, meno yote nje. Kimeli alifungua mdomo. Angeweza kuwaambia wasipigane, lakini nani husikiliza mtu akisema watu wasipigane? Wangempigia makofi, kisha Jumamosi wangekuja vilevile na fimbo zao. Waliletwa na kitu kimoja: walikuwa wameibiwa. Na kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuwaambia hawakuibiwa.

"Niligonga," alisema.

Kelele zikapungua. "Sema tena!"

"Nimesema niligonga!" Alipiga kelele sasa, na hasira yote ikawa ndani ya uongo ule hadi ukasikika kama kweli tupu. "Hakuna wizi! Vinny ni mpiganaji kunishinda. Nilikuwa chini, nikaogopa kufa, nikagonga. Refa aliona sawa. Nikawadanganya ninyi kwa sababu ya aibu. Jumamosi hakuna kitu. Siendi Sotik. Nimeshindwa, mmesikia? Mimi! Si ninyi, mimi! Nyinyi hamkuwa kwenye kamba!"

Mtangazaji alinyoosha mkono kutaka maikrofoni yake.

Halafu matusi yakaja. "Mwanamke!" "Amekula ya Wakisii!" "Shuka hapo, ng'ombe wewe!" Bonge la kinyesi kibichi likampiga shingoni likateleza ndani ya shati. Mwingine akarusha muhindi uliotafunwa. Kimeli aliruka chini, ngumi zimekunjwa, kila msuli ukimwomba amchague mmoja, yeyote yule, mwenye kofia ya manyoya akiwa wa kwanza. Yule alikuwa mbele yake hasa, anamtemea mate miguuni. Pigo moja la kushoto lingetosha. Kimeli alimsogelea mpaka akasikia harufu ya ugoro wake.

"Rudi nyumbani," alimwambia. "Hakuna cha kusindikiza."

Akampita.

Benard alimfikia karibu na mnada. Alikuwa amevua miwani, na bila hiyo macho yake yalikuwa madogo na mekundu. "Unajua umefanya nini? Umejiua! Hakuna mtu atakayeweka sura yako kwenye bango tena nchi hii. Asiyegonga! Asiyegonga wa wapi?"

"Toa pikapu yako hapa, Benard."

"Na ulikuwa umeshinda! Mpumbavu wewe, mimi nilikuwepo, niliona, ulikuwa umeshinda!"

Kimeli alisimama. Basi hata Benard aliona. Aliona tangu siku ile, na hakusema kitu kwa refa, maana pambano lililoibiwa linaleta watu wengi kuliko lililokwisha vizuri. Kimeli alimshika kola ya lile koti la ngozi, akamwinua mpaka visigino vikatoka ardhini, akamtazama. Kisha akamwachilia aanguke palepale kwenye matope ya ng'ombe, akaenda. Alipopita upande wa mboga, nafasi ya Lenah ilikuwa tupu.

*

Habari ilifika Kericho kabla yake. Alijua kwa jinsi wachumaji walivyomtazama barabarani, wengine wakigonga kiganja kwa kiganja, pa, pa, pa, na kucheka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda banda la kuni.

Makori alikuwa ameketi juu ya magogo, shoka kati ya miguu yake. Alimnusa kabla ya kumwona vizuri.

"Umeogea wapi, kwenye zizi?"

"Kocha, yale niliyosema juzi..."

"Nani alikuambia useme umegonga?" Makori alisimama. Sasa hasira ilikuwepo usoni mwake, yote, ile ambayo siku ile haikuonekana. "Nani? Niliunda mpiganaji. Usiku nachochea boila, mchana naunda mpiganaji, mgongo huu umekwisha kwa kuangushwa na wewe! Na wewe unasimama juu ya gari la yule mshenzi unaitupa kazi yangu mbele ya ng'ombe!"

"Ulitaka nifanye nini?" Kimeli naye alipaza sauti. "Sema! Ulitaka nifanye nini kingine?"

"Hichohicho ulichofanya!"

"Basi unanipigia kelele za nini?"

"Kwa sababu nimekasirika! Siwezi kukasirika? Ni wewe tu unayeweza?"

Walitazamana, wote wawili wakihema kama waliotoka raundi ya mwisho. Kiwandani king'ora cha zamu kililia. Makori alipaswa kuwa kwenye boila. Hakwenda. Alikaa tena juu ya magogo, akapiga shoka kwenye kisiki kwa nguvu hadi mpini ukatetemeka.

"Vinny atasafiri," alisema.

"Najua."

"Akifika huko wakimkaba vile ulivyomkaba, atagonga siku ya kwanza."

"Agonge," Kimeli alisema. "Afe kabisa."

"Usiseme hivyo."

"Nimekasirika, kocha."

"Ee. Basi kaa chini. Lakini upande ule, mbali kidogo. Unanuka."

Kimeli alikaa upande ule.